Masikio ya Jumbe Shekiango

Jumbe Shekiango alikuwa na tumbo kubwa na roho ndogo. Aliizungushia chemchemi ya kijiji ua wa miti, akasema maji ni ya ng'ombe wake. Wanawake walipomlalamikia, alishika masikio.

"Yanavuma kama mzinga wa nyuki. Sisikii kitu."

Hata mbele ya wazee wa baraza aliapa hivyo, na jumbe aliyewadanganya wazee huvuliwa ujumbe.

Bi Hoza, mganga wa mitishamba, hakumwona Shekiango kuwa mgonjwa bali mnafiki. Siku ya baraza alikuja na mafuta ya kitunguu saumu, akamlaza mkekani mbele ya wazee, akamdondoshea masikioni.

"Asiinuke mpaka dawa ishuke," aliwaambia wazee.

Punde mapanga yakalia kule chemchemi. Miti ya ua ikaanguka mmoja baada ya mwingine, na wanawake wakaimba. Shekiango alitokwa jasho, akainua kichwa.

Bi Hoza alimgusa sikio, akamuuliza kwa ishara kama anasikia chochote.

Shekiango aliwatazama wazee, akasema, "Yanavuma tu."

Bi Hoza akamrudisha mkekani taratibu. "Lala basi, Jumbe. Dawa bado inafanya kazi."