Karakana ya Uyole Iliyoonekana Hamburg

Mlango ukielekea ng'ambo, jirani hapigi hodi. Mmeisikia asubuhi hii kwenye mkutano wa mafundi, mwenyekiti alipomwambia yule dada wa batiki, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni wahenga gani walioitunga. Si wahenga. Aliyeisema nilifanya naye kazi miaka kumi na tisa, na siku alipoisema nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Kaeni basi, niwaeleze methali hii ilivyoanza.

Pale Uyole, Mbeya, palikuwa na karakana ya Mzee Ambakisye Mwaisaka. Alitengeneza viatu vya watoto wanaozaliwa na nyayo zilizogeukia ndani. Mtoto wa namna hiyo hufungwa hogo la plasta hospitalini wiki kadhaa mpaka nyayo zinyooke, halafu huvalishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma ili zisirudi zilikotoka. Akiacha kuvivaa mapema, zinarudi. Mzee alikunja chuma, mimi nilishona ngozi.

Kwa miaka mingi wateja wetu walielekezwa na muuguzi mmoja wa hospitali. Yule muuguzi akastaafu, akahamia kwa wanawe, na waliokuja baada yake hawakutufahamu. Tena ilikuwa ndiyo miaka ambayo watu walianza kutafuta kila kitu kwenye simu. Mzee akamwomba mpwa wake Gwakisa, aliyekuwa akiishi Hamburg, Ujerumani, atutengenezee tovuti.

Gwakisa aliifanya kwa moyo wote. Aliweka picha za viatu, akaweka na picha ya Mzee akiwa amevaa koti la harusi, akaandika maelezo kwa Kiingereza na Kiswahili. Anwani ya tovuti aliisajili hukohuko alikokuwa, ikaishia na herufi mbili za Ujerumani, de, badala ya tz za kwetu. Kurasa zenyewe nazo zikawekwa kwenye kompyuta za huko. Mzee alifurahi mno. Aliiandika anwani ile kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa nje.

"Ukiwa na anwani ya Ulaya," aliniambia, "watu wanajua wewe si fundi wa kubahatisha."

Barua pepe zikaanza kuja, na mimi ndiye niliyezijibu. Mama mmoja wa Bremen aliuliza kama tunapokea watoto Jumamosi. Bwana mwingine aliuliza tuko karibu na kituo gani cha treni, maana angependa kuja na mjukuu wake alasiri hiyohiyo. Niliwajibu kwa adabu kwamba tuko Mbeya, nao wakanishukuru kwa adabu, wakatafuta kwingine. Wa Mbeya hakuandika hata mmoja. Mwaka ukaisha hivyo. Mzee akaanza kuunda vigoda vya chuma ili mikono isisahau kazi, na nilikuwa nikimwona anavyovitazama viatu vilivyopangwa rafuni.

Jumanne moja ya mvua akaingia mama kijana, mtoto mgongoni. Aliitwa Tumpe. Alitoa kwenye mfuko jozi ya viatu vilivyounganishwa kwa chuma, vidogo kama vya mwanasesere.

"Shikamoo baba. Kuna fundi soli Mwanjelwa nilimpelekea hivi avipanue. Kasema yeye hawezi, nijaribu kwa mzee wa Uyole. Vinambana mtoto. Ana wiki sita hajavivaa."

Mzee alimpokea mtoto, Subilaga, wa mwaka mmoja na miezi miwili, akamvua soksi. Unyayo wa kushoto ulikuwa sawa. Wa kulia ulikuwa umeanza kugeuka. Aliushika kwa muda mrefu, akiuzungusha polepole kwa vidole viwili.

"Mwanangu," akasema, "wiki sita zote hizi ulikuwa wapi?"

Tumpe akalia, na kilio chake kilikuwa cha hasira. "Nilikuwa Iyunga, baba! Nusu saa kutoka hapa! Nimetafuta kwenye simu kila siku. Nimeona duka la Uingereza, nimeona la Marekani, nimeagiza India, mzigo umekwama sijui wapi. Nyie hamkuwemo!"

"Tumo," Mzee akasema. "Tuna tovuti nzuri sana."

"Basi nionyeshe."

Akaandika palepale: viatu vya mtoto mwenye miguu iliyopinda. Tukainama wote watatu juu ya simu yake. Ukurasa wa kwanza hatukuwemo. Wa pili hatukuwemo. Tulijiona kwenye ukurasa wa tano, tena Tumpe alipotubonyeza, picha zilifunguka kwa kujikokota, kipande kwa kipande. Mzee akachukua simu yake akampigia Gwakisa, akaiweka sauti ya nje, akamwambia atafute maneno yaleyale.

"Mbona mpo wa kwanza kabisa, mjomba!" Gwakisa akajibu kwa furaha. "Nawaona hapa juu."

"Sisi huku tumefungua kurasa tano."

Tulimsikia akibofyabofya. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mjomba, nisameheni. Kosa ni langu. Mtandao unasoma anwani kama mpita njia anavyosoma bango. Umeona de, umeona na kurasa zinakaa Ujerumani, ukaamini hiyo ni karakana ya Wajerumani. Kwa hiyo unawaonyesha Wajerumani. Mimi nawatazama kutoka huku, nikajua mambo ni mazuri."

"Dawa yake?"

"Tusajili jina jipya linaloishia na tz. Kurasa tuzihamishie Dar es Salaam, zifunguke haraka huko kwenu. Na tuandike wazi kwamba mpo Mbeya."

Mzee akasita. Aliutazama ubao wake wa rangi nyekundu kupitia dirishani. "Watu si watasema tumeshuka? Toka Ulaya, turudi tz?"

Tumpe ndiye aliyemjibu. "Baba, mimi ningeona tz na neno Mbeya, ningekuja siku hiyohiyo. Na mguu wa mwanangu usingekuwa hivyo."

Mzee akamwambia mpwa wake, "Fanya hivyo." Kisha akanigeukia: "Lete ngozi laini."

Kwanza, hata hivyo, alimtuma Tumpe kwa daktari siku ileile, maana kiatu peke yake kisingeweza kuunyoosha unyayo uliokwisha kugeuka. Hatukutulia mpaka alipotupigia jioni. Subilaga alikuwa amefungwa hogo upya. Wiki tatu, daktari amesema, labda nne. Tumewahi. Mzee alirudia neno lile, "Tumewahi," akakaa juu ya kimojawapo cha vigoda vyake.

Gwakisa alimaliza kazi yake ndani ya wiki. Maneno ya Kiswahili niliyaandika mimi: Uyole, Mbeya, mkabala na mashine ya kusaga, na namba ya simu. Anwani ya zamani hakuifuta. Aliiacha imwelekeze kila anayeingia kule aje kwenye anwani mpya. Mzee akaupaka ubao rangi upya kwa mkono wake.

Sisemi kwamba mambo yalibadilika siku hiyo. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kila asubuhi Mzee aliuliza, "Enhe?" nami nikatikisa kichwa. Nilianza kuogopa kumtazama.

Wiki ya nne Tumpe alirudi. Hogo lilikuwa limetolewa na nyayo zote mbili zimetazama mbele. Mzee alikuwa amepiga magoti akifunga mikanda ya viatu vipya, na Subilaga akimvuta masikio, mtu aliposema mlangoni:

"Hodi! Hodi hapa!"

Alikuwa bibi mmoja kutoka Igurusi, amembeba mjukuu kwenye kanga. "Hapa ndipo kwa Mzee Mwaisaka? Binti yangu amewaona kwenye simu jana. Mlikuwa wa kwanza kabisa. Akasema, kumbe ni hapahapa kwetu!"

Kabla hajaketi, simu ya karakana ikaita. Ilikuwa sauti ya baba mmoja wa Tukuyu, akiuliza kama kesho tutakuwepo.

Mzee hakuinuka. Alikaa chini sakafuni kama alivyokuwa, akauweka mguu wa Subilaga juu ya goti lake, akatoa pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu Jumanne ile ya mvua. Machozi yalikuwa yanamtoka naye anacheka.

"Nimeelewa," aliniambia. "Mlango ukielekea ng'ambo, jirani hapigi hodi."

"Unasemaje, baba?" bibi akauliza kutoka mlangoni.

"Nasema karibu, mama," Mzee akajibu. "Karibu sana. Mlete mtoto."