Mkono wa Umeji

Mkono uliofichwa haushikwi. Mmemsikia shangazi yenu akiisema methali hii, nanyi mnauliza imetoka wapi. Ilianza hivi, wajukuu zangu, hapa hapa Osaka, enzi ambazo wanawake walikatazwa kupanda jukwaani, na wanaume ndio walioigiza sehemu zao.

Mmoja wao aliitwa Umeji. Hata nyumbani alivaa kimono cha kike na kusema kwa sauti laini, maana ndiyo iliyokuwa desturi ya waigizaji wa aina yake. Kitu kimoja tu kilimtesa: mikono yake ilikuwa mikubwa, yenye mishipa, kama ya mpasua kuni. Aliificha daima ndani ya kimono.

Uzee ulipoanza kumnyemelea, mwenye ukumbi alimwambia, "Watu wanataka sura changa, Umeji. Onyesho hili la mama anayemtafuta mwanawe likikosa watazamaji, nafasi yako nampa kijana."

Zamani hizo watu walivutwa ukumbini na picha. Mchoraji alimchora mwigizaji, mchoro ukachongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa rangi na kugandamizwa kwenye karatasi. Kazi ya kumchora Umeji alipewa mchoraji Gensai, naye akaenda kutazama mazoezi. Umeji alipoliita jina la mtoto aliyepotea, alijisahau. Mkono mmoja ukachomoka, ukanyooka hewani. Gensai akauchora kama alivyouona.

Umeji alipokwenda karakanani kwa Gensai na kuuona ubao umekwisha kuchongwa, alishika patasi.

"Bwana Gensai, umenimaliza! Maisha yangu yote nimemjenga mwanamke, wewe unambomoa kwa mkono mmoja. Nitaukwangua!"

"Ukiukwangua, mtoto utampokea kwa kitu gani?"

"Kwa macho yangu."

"Macho hayabebi mtoto."

Oroku, mke wa Gensai, ambaye ndiye aliyepiga chapa, aliangua kicheko. "Wanaume wawili mnagombania mkono wa mama, na mama mwenyewe nipo hapa hamniulizi!"

Akauweka mkono wake juu ya ubao, kando ya ule uliochongwa. Ulikuwa umekakamaa, kucha zimeingia rangi ya buluu isiyotoka.

"Haya, Umeji, niambie. Ulaini uko wapi hapo?"

Umeji aliinama kuutazama. Kisha akauliza polepole, "Na wanao hawakuukimbia?"

"Kuukimbia? Waliung'ang'ania hata nikashindwa kupika!"

Umeji akairudisha patasi mahali pake.

Picha zikatoka, na watu wakaja, wengine kwa mapenzi, wengine kuucheka ule mkono. Siku ya onyesho Umeji alipita kwenye njia ya mbao inayokatiza katikati ya watazamaji. Alipofika mahali pa kuliita jina la mtoto, safari hii hakujisahau. Aliitoa mikono yote miwili kwa hiari yake, akainyoosha. Ukumbi ukanyamaza. Umeji akadhani ameangamia.

Ndipo bibi mmoja aliyeketi kando ya njia, ambaye hakuna aliyemjua, alipoinuka kwa shida, akaushika mkono mmoja kwa mikono yake miwili, akalia. Wa nyuma yake naye akainuka. Onyesho lilisimama mpaka wote waliotaka kuushika wakaushika.

Mwenye ukumbi hakumtaja tena yule kijana. Na mtaani kwetu, tangu siku ile, tukimwona mtu anakionea haya kile alichonacho, tunamwambia taratibu: mkono uliofichwa haushikwi.