Ardhi Huulizwa Masika

Kwa jina la Mola aliyeitandaza ardhi na kuipigilia milima isiyumbe, na rehema zimfikie Mtume wake. Vijana wangu, mmesikia ikisemwa, "Ardhi huulizwa masika," mkataka kujua asili yake. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji wa Kiteo, kwenye mbuga ya udongo mweusi, waliishi Mbaraka, seremala; Asinati, mchumba wake; na Bi Mwasiti, bibi aliyemlea Asinati. Desturi yao ilikuwa kwamba bibi arusi haingizwi katika nyumba mpya mpaka ipigwe na masika na isimame.

Mbaraka alijenga upesi, kwa kuwa moyo wake ulikwisha kuhamia. Udongo ulikuwa umekauka kama jiwe, sururu ikidunda. Akaona msingi wa kina cha goti watosha. Nyufa za kiwanja akazifukia kwa mchanga, kuta akazipaka chokaa, akangoja mvua.

Mvua haikuja. Majira yalikuwa yamegeuka: masika yaliyozoea kuja kwa miadi sasa yaliweza kukosekana mwaka mzima au zaidi, kisha kuja kwa ghadhabu. Mwaka wa pili nao ulipokauka, Mbaraka alimwendea Bi Mwasiti, akamweleza kwa adabu kwamba yeye na Asinati watazeeka wakitazama mawingu.

Bi Mwasiti, ambaye kwa utani wa mabibi alimwita mume, alitabasamu.

"Mume wangu, masika yakikataa kuja, yalete wewe."

"Nitayatoa wapi, bibi?"

"Msikitini. Maji ya udhu humwagika bure mferejini kila sala. Yakinge, uuloweshe msingi. Nyumba ikinyamaza, isipasuke, arusi Ijumaa."

Mbaraka na wenzake wakabeba madumu siku kadhaa, kwa nyimbo na vicheko. Ardhi ikanywa kimyakimya. Asubuhi moja Mbaraka alijifungia ndani afagie, maana Bi Mwasiti na Asinati walikuwa njiani kuja kuikagua. Akiwa humo, ardhi ikafura, ukuta ukainuka upande mmoja ukapasuka, na fremu ikaukaba mlango.

"Fungua, mume wangu, tuione nyumba," akasema Bi Mwasiti.

Mlango ukatikiswa kutoka ndani. "Haufunguki, bibi."

"Nawe ndiye seremala?"

"Mlango hauna kosa, bibi. Nyumba ndiyo iliyouhama."

Asinati alicheka mpaka akaketi chini, kisha akampitishia bakuli la uji dirishani. "Kunywa," akamwambia. "Kazi ndiyo kwanza inaanza. Nami nitangoja."

Neno hilo lilimpa Mbaraka nguvu kuliko uji. Alitokea dirishani, akaibomoa nyumba kwa mikono yake, akachimba hadi kwenye changarawe isiyofura wala kusinyaa, akazungusha mfereji wa kuyapeleka maji mbali na kuta. Alipomaliza kuezeka, masika yakaja yote kwa juma moja. Yalikata barabara kuu, yakalaza daraja, yakapasua nyumba nyingi zilizojengwa kwa kuuamini ukavu. Mvua ilipotulia, Bi Mwasiti alipita kwenye matope hadi kwa Mbaraka, akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunguka bila mlio.

Arusi ilifungwa Ijumaa. Majirani, wakiwa na sururu mikononi, walimuuliza bibi siri ya nyumba ile, naye akajibu, "Kiangazi, ardhi humkubalia kila mtu. Ardhi huulizwa masika."

Mola awarehemu waliotangulia, nanyi mliobaki awape nyumba zenye misingi, milango myepesi kwa wageni, na mvua ya rehema. Amina.