Nyuzi Ambazo Hazikushikwa

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja aliyetengeneza mbao bila kukata mti. Aliyeyusha plastiki za jalalani, akachanganya na nyuzi za mkonge, akamimina kwenye kalibu. Plastiki peke yake hupinda. Nyuzi ndizo huipa nguvu. Lakini mkonge una utelezi wake. Kwa hiyo mkewe aliziosha nyuzi kwa maji ya magadi, akazianika mpaka zikauke kabisa, ndipo plastiki izishike.

Wakapewa kazi ya kivuko cha mtoni, daraja la waendao kwa miguu. Mvua zikaanza, jua halikuonekana, na diwani akawa anapiga simu kwamba wageni wa uzinduzi wamekwisha kualikwa. Fundi akaamua kuzitia nyuzi hivyo hivyo.

Mkewe akasimama mlangoni pa banda. “Baba Atupele, hizo hazijaoshwa.”

“Zikishazama mle ndani, nani atazichungulia?”

“Mto utazichungulia.”

Akamwambia aache uchuro, akaendelea kumimina.

Mbao zilitoka laini, zinang'aa. Diwani alizipigapiga kwa kiganja akasifu. Fundi naye alipokea sifa, lakini kila alipofika kivukoni alitafuta sababu ya kuzunguka njia ya juu.

Siku moja mto ulikuwa umejaa. Mkewe alirudi kutoka sokoni na mzigo kichwani, akasimama ukingoni. Ng'ambo alikuwa mumewe na watu wa kijiji. Mmoja akatania: hata mke wa fundi anaogopa kazi ya mumewe? Watu wakacheka. Mngefanyaje nyinyi, mbele ya kicheko kile?

Fundi akasema, “Vuka, mama. Mbao zangu hizo.”

Akavuka. Alifika katikati.

Walimtoa kwenye matete, mbali kule mto unakoteremkia, akiwa amekwisha kufa. Fundi akaokota kipande cha ubao na kuvuta uzi mmoja. Ukatoka bila kubisha, hauna hata chembe ya plastiki. Akavuta mwingine. Vilevile. Zote zilikuwa mle ndani, na hakuna uliokuwa umeshikwa.

Sasa sisi. Tumeshikana, au tumemiminwa pamoja tu? Sare za kwaya zinapendeza. Lakini wapo humu wanaopeana mkono wa amani kila Jumapili, na tangu kesi ya shamba hawajasalimiana njiani. Tumefunika, hatujaosha. Na uzito utakapokuja, hauchagui. Unaweza kumkuta katikati yule yule aliyetuonya.

Meza ya Bwana imeandaliwa. Kabla hujainuka kuijia, unamjua unayepaswa kumwendea kwanza. Amekaa humu humu.