Tikiti la Mwisho la Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo kila mnyama alikuwa na jembe lake na ugomvi wake na jirani, Bi Digidigi alikuwa na bustani ndogo nyuma ya nyumba. Tulia wewe huko nyuma, hadithi ndiyo kwanza inaanza.

Bustanini alipanda matikiti maji ya asili aliyoachiwa na bibi yake. Nje yalikuwa na michirizi, ndani yalikuwa ya njano kama kiini cha yai, na utamu wake usiniulize. Kila mwaka alichagua tunda moja bora, akaosha mbegu zake, akazianika, akazihifadhi ndani ya kibuyu chenye majivu.

Mwaka huo kibuyu kilikuwa kitupu. Mvua zilikatika mapema, miche ikakauka, akapanda tena mpaka mbegu zikaisha. Miche michache iliyoota mwishowe ndiyo pekee iliyobaki. Asipopata mbegu msimu huu, tikiti la bibi limekwisha kabisa, wala hakuna mahali pa kwenda kuomba.

Kulima hakukumchosha. Aliyemchosha ni jirani yake, Kiboko.

Desturi ya kijiji ilikuwa hivi: jirani akipita, akaligonga tikiti na kusema limeiva, mwenye bustani hulikata na kumkaribisha. Desturi nzuri, ila iliwekwa kwa ajili ya wenye haya, na Kiboko haya hakuwa nayo hata chembe.

Ko, ko, ko! Hiyo ni asubuhi, hata uji haujachemka.

"Bi Digidigi, hili limeiva."

"Halijaiva, Bwana Kiboko. Tazama hako kauzi kanakojiviringa karibu na kikonyo. Bado hakajakauka."

"Mimi mambo ya nyuzi siyajui. Mimi nasikiliza mlio. Limeiva."

Likakatwa. Ndani jeupe pepepe! Kiboko akalila lote, akajipangusa, akasema labda lilikuwa na ubichi kidogo, kesho atagonga kwa makini zaidi. Na kesho yake akaja. Na kesho kutwa.

Kibaya zaidi, alimeza kila kitu, nyama na mbegu zake.

"Jirani yangu, kula," Bi Digidigi alimwomba. "Lakini mbegu niachie, huenda moja mbili zimekomaa."

"Kutema mbegu ni kazi ya wenye vinywa vidogo," Kiboko akajibu. "Nikianza kuchambua, nitashiba saa ngapi?"

Jamani! Bi Digidigi aliingia ndani akaifokea sufuria, akawafokea watoto kwa kosa ambalo hawakulifanya, akawaomba radhi, akatoka nje, akarudi kuifokea sufuria tena. Angefanya nini? Unyayo mmoja wa Kiboko ulikuwa mkubwa kuliko kitanda chake.

Mwisho likabaki tikiti moja tu. Akalifunika kwa nyasi, akawa analichungulia mara tatu kwa siku. Kauzi kakakauka. Upande uliolalia udongo ukageuka wa njano. Limekuwa tayari! Akachukua kisu, akaweka begani mkeka wa kuanikia mbegu, akatoka mbio.

Ko, ko, ko!

Kiboko alikuwa ameshazipangua nyasi. Na safari hii hakuja peke yake, alikuja na Ngiri.

"Nimemleta rafiki yangu aonje," alisema. "Hili limeiva."

Na kweli lilikuwa limeiva. Msimu mzima mtu amekosea, siku ya kupatia ndiyo hiyo! Bi Digidigi alihisi machozi ya hasira yakimlenga. Akakitazama kinywa cha Kiboko. Akakitazama kinywa cha Ngiri. Kisha akautazama mkeka.

"Karibuni, kaeni," alisema kwa sauti laini. "Afadhali mmekuja wawili. Kuna ubishi huko mtoni umenichosha masikio. Ati Bwana Kiboko ana kinywa kikubwa lakini pumzi hana. Ati wakishindana kutema mbegu, Ngiri anamwacha mbali."

"Nani kasema?" Kiboko akafoka.

"Mimi umbea siupendi."

Ngiri akajinyoosha. "Kusema kweli, pumzi ninayo."

Bi Digidigi akautandika mkeka hatua kumi na mbili kutoka pale walipoketi. "Kila mbegu itakayotua mkekani ni alama moja. Atakayemeza hata moja, ameshindwa."

Akalikata tikiti. Wakaanza.

Fyu! Ta. Fyu! Ta. Ngiri alilenga moja moja kwa utulivu. Kiboko alijaza mashavu, akapuliza: prrrr! Ta-ta-ta-ta-ta.

"Umemeza!" Ngiri alidakia. "Nimeliona koo lako likicheza."

"Sijameza. Hebu chungulia."

Kiboko akaachama, Ngiri akaingiza kichwa kizima kukagua chini ya ulimi. Ikapatikana mbegu moja imejificha kwenye jino. Fyu! Ta. Kisha ikawa zamu ya Kiboko kumkagua Ngiri, na hakumhurumia. Yule aliyekuwa mvivu wa kutema sasa alikwangua hadi maganda akitafuta mbegu iliyosahaulika. Bi Digidigi alizunguka akiziokota zilizoanguka pembeni na kuzirudisha mkekani, ili hesabu isije ikaharibika.

Nyama ilipokwisha, midomo imewavimba wote wawili. Bi Digidigi akazikusanya mbegu katikati ya mkeka, nyeusi, nono, zimetimia, akaukunja polepole.

"Haya," Kiboko alisema huku akihema, "nani ameshinda?"

"Mimi."

"Wewe? Hujatema hata mbegu moja!"

"Na nyinyi hamjameza hata moja," alijibu Bi Digidigi, akaingia ndani na mkeka wake, akatia komeo.

Nami naishia hapo nje mlangoni, wanangu, na neno langu ni hili: anayependa sifa atatumwa kazi na yeyote anayejua pa kumchokoza.