Ini la Malimi na Ini la Kondoo

Hapo zamani, si zile zamani za majitu, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na mkulima wa mpunga aitwaye Malimi. Alikuwa mzee wa kanisa, na pombe hakuwahi kuionja. Tumbo likamvimba. Akatapika damu. Watu wakasema anakunywa gongo nyuma ya zizi, kanisa likamvua uzee. Mwenye ini bovu si mlevi huyo? Ndivyo watu wanavyofikiri, hawafikiri sana.

Hali ilipozidi, daktari wa wilaya akamwita mke wa Malimi, Kabula.

"Mama, hatujui ini hili linaharibiwa na nini. Nataka kulichoma sindano, nitoe kipande chembamba kama uzi, kikatazamwe kwa hadubini mjini. Lakini anaweza kuvuja damu akafa."

"Usitie sahihi," mama mkwe wake, Bibi Minza, akamwonya. "Mwanangu akifa, utarudi kwenu peke yako. Watoto utawaacha hapa."

Kabula akatia sahihi. Malimi hakufa.

Kipande kikatiwa katika kichupa chenye maji makali ya dawa, Kabula akaambiwa akipeleke mjini kwa basi. Akakiweka kabatini kwake, akaenda kupika uji wa mgonjwa. Kurudi, kichupa hakipo.

"Mama, kichupa kiko wapi?" akamwuliza mama mkwe wake.

"Nimekizika."

"Umekizika?"

"Ulitaka mwanangu asafiri vipande vipande? Nyama ya mtu haipandi basi. Nyama ya mtu huzikwa, na sala nimesema."

"Umekizika wapi?"

"Kamwulize aliyekufundisha kumtoboa mumeo."

Aliyejua ni Nyamizi, dada yake Malimi, kwani aliona udongo mbichi kando ya kaburi la baba yao. Akachukua jembe, mchana kweupe, akachimba. Kichupa kilikuwa kizima, kifuniko kimekazwa. Lakini majirani walichoona ni mwanamke anayechimba kaburini na kutoka na nyama ya mtu. Akapanda basi nacho kwenda mjini akiwa Nyamizi, aliporudi akashuka akiwa mchawi. Hata posa ya binti yake ikarudishwa.

Mjini, kipande kikafika kwa Daktari Siwema. Kikagandishwa kwenye nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vikatiwa rangi, naye akainamia hadubini. Akaona makovu. Karatasi iliyokuja na kichupa, iliyojazwa kwa maneno ya watu, ilisema: mlevi.

"Makovu ni makovu," mwenzake akamwambia. "Andika ulevi, twende tukale."

"Nenda ukale. Mimi makovu haya siyaelewi."

Akaagiza kikatwe kingine, na kingine, mpaka nyama ikawa karibu kwisha. Katika kipande cha mwisho akaliona: yai la kichocho, lina mwiba ubavuni, kovu limelizunguka.

"Huyu hakunywa pombe," akasema. "Huyu alisimama majarubani, katika maji ya mpunga."

Malimi akapewa vidonge vya kichocho. Makovu hayakufutika, lakini tumbo likanywea na damu ikakoma. Kanisa likamrudishia uzee wake bila hata kuona haya.

Malimi akachinja kondoo. Katika nyumba ile ini la kondoo wa shukrani halikatwi. Hupewa mtu mmoja mbele ya watu wote, na akishalila, hakuna mdomo wa kumsema vibaya tena. Malimi akawaita wanawake watatu, mkewe, dada yake na Daktari Siwema aliyekuja mgeni, kila mmoja aseme kwa nini anastahili.

Kabula akasema, "Bila sahihi yangu sindano isingeingia. Niliweka rehani mume, watoto na nyumba."

Nyamizi akasema, "Wifi, sahihi yako ilikuwa imeshazikwa. Mimi ndiye niliyeifukua. Wewe una mume na jina lako, mimi naitwa mchawi. Ini hili kwako ni kitoweo tu."

Daktari Siwema akasema, "Mlichoniletea kilikuwa nyama na karatasi ya uongo. Ningeandika ulevi, nani angenilaumu? Leo mngekuwa mnakula matanga."

"Wewe hiyo ni kazi yako," Kabula akamkata.

"Na kumwuguza mumeo ni kazi ya nani?" Daktari akamrudishia.

Nyamizi akacheka.

Bibi Minza akapaza sauti kutoka jikoni, "Na mimi niliyekaza kifuniko? Ningekizika wazi, mngefukua nini?"

Naye hakuwa amesema uongo.

Malimi kasimama, ini la moto mkononi, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akimpa mkewe, dada yake atabaki mchawi. Akimpa dada yake, mkewe ataona kalamu yake haikuhesabiwa. Akimpa mgeni, jamaa watasema wamepitwa na jicho la mtu baki. Na nyinyi msiniambie ligawanywe, nimeshasema halikatwi. Wala msimpe mtu kwa huruma, maana anayeulizwa ni anayestahili, si anayelia.

Haya, ini linapoa. Ampe nani?