Mtani Aliyeandikwa Ndugu

Alfajiri ya leo mliamshwa na mkwaruzo wa mbuzi ya nazi jikoni, na kabla hamjanawa uso mkamsikia shangazi yenu akipanga vikombe vya uji huku akisema, "Nduguyo ni aliyekuhesabu." Alikuwa anaongeza kikombe cha mtoto wa jirani, ambaye ninyi mlimsahau. Mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka humu humu nyumbani, na yalianza hivi.

Ilikuwa wiki ya mwisho wa Agosti, mwaka 1967. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na nchi yetu ilitaka kujua yenyewe ina watu wangapi. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa hapa hapa, karibu na Muheza, mimi na mama yangu Mwanakombo, mjane. Jumatatu mpiga mbiu alipita akitangaza kwamba mwisho wa wiki kila mtu atahesabiwa pale alipolala.

Ng'ambo ya korongo, kando ya mashamba ya mkonge, aliishi mzee mmoja Mnyamwezi, Lugusha. Alikuja ujanani kukata mkonge, akazeekea huku bila mke wala mtoto. Watu walimwita Manamba tu, kama walivyoitwa wakata mkonge wote wa mkataba, kwa kuwa kule shambani kila mmoja alikuwa na namba yake. Mama peke yake ndiye aliyemwita kwa jina, au alimwita mtumwa. Msishangae. Sisi Wabondei na Wanyamwezi ni watani, na mtani humtukana mtani wake kwa mapenzi. Mama alikuwa akimpelekea mihogo, kisha anapiga kelele mlangoni:

"Mtumwa wangu we! Bado hujafa?"

"Nife, nani akutawale? Babu yangu alikununua kwa kibaba cha chumvi!"

Alhamisi ya wiki ile hakujibu. Tulimkuta anakunja mkeka wake.

"Naingia mkongeni mpaka hesabu ipite," akasema. "Nimehesabiwa vya kutosha, Mwanakombo. Nilikuwa mia nne na kumi na sita. Rafiki yangu Kasonta alipofariki, kaburini walichomeka kibao: mia tatu na tisa. Jina hakuna. Na sasa kilabuni wanasema asiye na watu wake atapakiwa kwenye lori arudishwe Tabora. Nani ananijua Tabora leo? Nitakufa namba."

Mama hakumbembeleza. Aliuchukua ule mkeka akajitwika.

"Nina kuni za kupasua," akasema, "na mtumwa hapumziki wakati bibi yake ana kazi. Twende."

Mzee akaufuata mkeka wake. Kuni zenyewe zilikuwa zimepasuliwa tangu juzi. Mimi ndiye niliyezipanga.

Akawa analala barazani kwetu. Jirani yetu Mwantumu aliona, akapaza sauti kisimani, "Jamani, mjane kapata manamba!"

"Mimi nimepata," mama akamjibu, akijaza ndoo yake. "Wewe umekosa?"

Siku ya hesabu mbuzi ya nazi ilikwaruza kabla ya jogoo. Mama alitaka karani akute uji. Karani mwenyewe alikuwa mwalimu kijana kutoka Kilimanjaro, jina lake Temba, asiyejua utani wetu. Alituandika mimi na mama, kisha akamtazama Lugusha.

"Huyu mzee ni nani kwako, mama?"

"Mtumwa wangu," mama akajibu, kwa mazoea.

Kalamu ikasimama. "Mama! Utumwa ulikwisha zamani! Jambo hili itabidi nilifikishe serikalini."

"Usimsikilize, bwana karani," Lugusha akadakia. "Mtumwa ni yeye."

Nilicheka hata uji ukanipalia. Mama akamweleza mambo ya utani. Karani akapumua, akapekua karatasi yake.

"Kuna mume, mke, mtoto, ndugu, mgeni. Mtani hayumo. Nimwandike mgeni?"

Lugusha akainamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinachezea ukingo wa mkeka.

"Mgeni huondoka," mama akasema. "Andika ndugu."

"Wa tumbo moja?"

"We andika, mwanangu. Kila jioni napima unga, nawahesabu watu wangu. Huyu nimemhesabu."

"Haya. Jina lake?"

Mama alilijua, lakini alimwachia mwenyewe.

"Lugusha," mzee akasema. Akakohoa. "Lugusha, mwana wa Kapela."

Kisha akaomba asomewe kilichoandikwa. Karani, ambaye alikuwa na nyumba nyingi mbele yake, alisoma, na alipoombwa tena akasoma tena, polepole. Jambo hilo sijalisahau.

Lori halikuja. Mzee hakurudi ng'ambo ya korongo; alikaa nasi miaka minane, akitukanana na mama kila siku. Kibao cha kaburi lake nilikiandika mimi kwa mkono wangu, jina lake na la baba yake. Na tangu asubuhi ile ya karani, mama alipopima unga alisema, nasi tukasema, kama shangazi yenu alivyosema leo: nduguyo ni aliyekuhesabu.

Asubuhi ile karani alikuwa amekwisha kufika njiani, Lugusha alipomkimbilia na fimbo yake.

"Bwana karani! Utakuja tena lini?"

"Kuhesabu? Labda baada ya miaka kumi, mzee."

"Mbali mno hiyo. Njoo kabla, baba. Njoo hata bila karatasi."